Ekseli Hii Ilitoka Gari Gani?
Jinsi ya kutambua asili ya mkokoteni kwa rula na hesabu

Katika mitaa ya Mchafukoge, kata iliyo baina ya Kisutu na Kariakoo, mkokoteni ni chombo ambacho wapita njia hukipisha bila kukitazama. Hubeba saruji, mabati, majora ya vitambaa, magunia ya vitunguu na hata majokofu. Mbao zake huoza zikabadilishwa, mikono yake huvunjika ikachomelewa mingine, na tairi zake huisha zikaletwa nyingine kuukuu. Lakini chini ya mbao hizo kuna kipande kimoja cha chuma ambacho aghalabu hudumu kuliko vyote, nacho hakikutengenezwa kwa ajili ya mkokoteni hata kidogo. Kipande hicho ni ekseli ya gari la moto, pamoja na vitovu vya magurudumu yake, ambavyo mafundi huviita habu.

Katika makala haya tutajaribu kumweleza msomaji namna ya kujibu swali moja: ekseli iliyo chini ya mkokoteni wa zamani ilitoka katika gari gani, la modeli ipi na la miaka ipi? Tutaona kwamba jibu halihitaji mitambo ya maabara. Linahitaji rula, karatasi, brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo, na zaidi ya yote, mpango mzuri wa kufikiri.

Kwa nini swali hili si la mchezo

Huenda msomaji akauliza: mkokoteni ukienda, yatosha, jina la gari lililokufa zamani lina faida gani? Faida yake huonekana siku beringi inapovunjika. Msukuma mkokoteni huenda dukani akaomba beringi ya mkokoteni, na muuzaji hana la kumjibu, kwa kuwa orodha zake zimepangwa kwa majina ya magari na kwa namba. Basi hununuliwa iliyo karibu. Ikiwa tundu lake ni kubwa kuliko mhimili unaoingia ndani yake, fundi hukata kipande cha bati, akakizungusha katika mhimili na kuigongelea beringi juu yake.

Tuchukue mfano. Beringi yenye namba LM11949, ambayo hutumika sana katika magari madogo na matela mepesi, ina tundu la inchi tatu za robo, yaani milimita 19.05. Beringi ya kipimo cha metriki iliyo karibu nayo ina tundu la milimita 20. Tofauti haifiki milimita moja, na kwa macho haionekani. Lakini beringi iliyokaa juu ya bati hucheza; ikicheza hula chuma cha mhimili; na mhimili ulioliwa hukatika. Haukatiki ukiwa mtupu. Hukatika ukiwa umebeba mzigo, aghalabu katika mteremko, huku mtu akiwa mbele yake ameshika mikono miwili ya mbao. Kwa hiyo basi, kujua asili ya ekseli ni jambo linalohusu miguu na mgongo wa mtu anayejipatia riziki kwa nguvu zake.

Nchi iliyokosa magari ya kukokotwa

Huko Ulaya na Marekani gari la shamba lenye magurudumu manne lilikuwa chombo cha kila mkulima, na hata leo wako watu wanaozikusanya chesisi zake kuukuu na kuzitambua kwa alama za kiwanda zilizo katika chuma chake. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu gari la namna hiyo halikupata nafasi. Sababu kubwa ilikuwa mdudu, naye ni ndorobo.

Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa Chama cha Misioni cha London aliijaribu njia ya kutoka Saadani hadi karibu na Mpwapwa akiwa na maksai, akaridhika kwamba magari ya kukokotwa yangeweza kupita. Mwaka uliofuata msafara wa chama hicho uliondoka pwani pamoja na magari na maksai, ukielekea Ujiji. Maksai walikufa kwa wingi njiani, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Ilikuwa katika miaka ya 1890 ambapo daktari David Bruce, akifanya uchunguzi huko Zululand, alionyesha kwamba ugonjwa wa nagana unaoua mifugo huenezwa na ndorobo.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hali ilikuwa ile ile. Wanyama wa mizigo walikufa, na majeshi yakategemea mamia ya maelfu ya wapagazi. Kikosi cha wapagazi wa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kambi yake katika mji wa Dar es Salaam ndiyo iliyozaa jina Kariakoo. Jina lenyewe la mtaa wetu, basi, ni kumbukumbu ya mahali ambapo mtu alibeba kile ambacho kwingineko kilibebwa na gurudumu.

Kwa hiyo gurudumu la mizigo lilipoenea mjini kwetu, halikutoka kwa seremala wa magari ya shamba. Lilitoka katika magari ya moto yaliyokwisha kazi. Wala hatuko peke yetu katika hilo. Kule Marekani gari la Ford la Model T lilitengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15, na wakulima wengi walizichukua ekseli zake kuukuu wakazifanya matela ya shambani. Hata mikokoteni ya ng'ombe ya huko bara mara nyingi huwa na ekseli ya namna hiyo hiyo.

Familia tatu za ekseli

Kabla ya kutafuta jina la gari, sharti tujue ekseli ni ya familia gani. Mtaalamu wa mimea haanzi kwa kuuliza jina la mti. Huanza kwa kuuliza kama majani yake yamepangwa mawili mawili au moja moja. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Familia ya kwanza ni ekseli nzima ya nyuma yenye tumbo katikati. Tumbo hilo ni nyumba ya difu, yaani meno yanayogawa mwendo kwa magurudumu mawili. Familia ya pili ni boriti ya mbele ya lori au gari dogo la mizigo: chuma kizima kisicho na tumbo, ambacho ncha zake zilikuwa zikigeuka kwa usukani. Fundi wa mkokoteni huzichomelea ncha hizo zisigeuke tena. Familia ya tatu ni mihimili mifupi miwili iliyokatwa kutoka katika gari na kuchomelewa katika ncha za bomba. Hapa bomba halituambii lolote. Habari yote imo katika habu.

Familia ya kwanza ina matawi mawili, na tofauti yake ni muhimu sana. Katika tawi moja habu huzunguka juu ya beringi zake zilizo nje ya bomba la ekseli, na shafti ya ndani kazi yake ni kuzungusha tu, haibebi uzito. Ekseli ya nyuma ya Land Rover ni ya tawi hili. Ukizivuta shafti zake nje, magurudumu hubaki mahali pake na kuzunguka kwa wepesi. Katika tawi la pili, ambalo ndilo la magari mengi madogo yenye mwendo wa magurudumu ya nyuma, gurudumu limefungwa katika ncha ya shafti yenyewe. Shafti huzungusha na pia hubeba. Hapa ukiivuta shafti, gurudumu hutoka nalo. Na shafti ikivunjika, gurudumu hukimbia.

Namna ya kuyapambanua ni rahisi. Inua mkokoteni mtupu juu ya mawe imara ili magurudumu yote mawili yawe hewani. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Likizunguka na la pili, ama upande huo huo ama kinyume chake, fahamu kuwa shafti na difu bado vimo ndani. La pili likitulia kabisa, yaelekea shafti zimeondolewa, nawe tazama katikati ya habu kama kuna mahali palipokuwa na kifuniko kilichokazwa kwa bolti ndogo za duara.

Kuhesabu nati na kupima duara lake

Dalili inayofuata ni nati au bolti zinazofunga rimu. Kwanza hesabu: ni 3, 4, 5 au 6? Nati 3 ni chache mno kuonekana, na kwa hiyo ni dalili yenye nguvu. Peugeot 404, gari lililopata sifa kubwa kwetu baada ya Bert Shankland na Chris Rothwell kushinda mashindano ya Safari ya mwaka 1966 na 1967, lilikuwa na nati 3 kila gurudumu. Pili, tazama kama ni bolti zinazoingia katika habu, au ni nati zinazokazwa juu ya ncha zilizotokeza. Magari ya Volkswagen hutumia bolti.

Baada ya hapo pima kipenyo cha duara linalopita katikati ya nati zote. Zikiwa 4 au 6, pima kutoka katikati ya nati moja hadi katikati ya ile inayoielekea. Zikiwa 5, hakuna nati inayoielekea nyingine, na hapo ndipo wengi hukosea. Pima umbali baina ya nati mbili zilizo jirani, kisha zidisha kwa 1.7. Zikiwa 3, pima hivyo hivyo na uzidishe kwa 1.155. Ili usihangaike kutafuta katikati kwa macho, pima kutoka ukingo wa kushoto wa moja hadi ukingo wa kushoto wa jirani yake. Umbali huo ni sawa na wa katikati hadi katikati, mradi zote mbili ziwe na unene mmoja.

Sasa tulinganishe na vipimo vinavyojulikana. Kwa nati 4: Morris Minor na Mini, milimita 101.6, Ford Anglia na Cortina, milimita 108, Datsun nyingi za miaka ya 1970, milimita 114.3, Volkswagen ya kobe kuanzia modeli za mwaka 1968, milimita 130, Toyota Corolla za miaka ya 1990, milimita 100. Kwa bolti au nati 5: Volkswagen ya kobe kabla ya badiliko hilo, na basi dogo la Volkswagen hadi mwaka 1970, milimita 205, basi hilo kuanzia mwaka 1971, milimita 112, magari mengi ya saluni ya Kijapani, milimita 114.3, Land Rover, milimita 165.1. Kwa nati 6: milimita 139.7, kipimo kinachotumiwa na Toyota Hilux ya magurudumu manne, Land Cruiser za zamani, gari la mizigo la Nissan, na wengine.

Msomaji makini atauliza: kwa nini vipimo vingine vina desimali za ajabu hivyo? Gawanya kwa 25.4, ambazo ndizo milimita za inchi moja. Milimita 101.6 ni inchi 4 kamili, 114.3 ni inchi 4 na nusu, 139.7 ni inchi 5 na nusu, 165.1 ni inchi 6 na nusu. Ingawa Datsun na Toyota ni magari ya nchi ya metriki, ndani ya habu zao mna urithi wa inchi. Vipimo vya 100, 112, 130 na 205, kwa upande wake, vilizaliwa katika metriki. Kwa njia hii tarakimu yenyewe hutuambia kidogo juu ya ukoo wa gari kabla hatujajua jina lake.

Hesi nazo husema

Kipimo kimoja hakitoshi. Tofauti baina ya milimita 100 za Corolla na 101.6 za Morris ni milimita 1.6 tu, na rula ya mbao iliyochakaa ncha inaweza kukosea kiasi hicho. Hali kadhalika, katika nati 5, umbali wa jirani kwa jirani ni milimita 65.8 kwa duara la 112 na milimita 67.2 kwa duara la 114.3. Mpimaji anayeharaka hatazitenganisha. Dawa ya tatizo hili ni dalili ya pili isiyotegemea ile ya kwanza.

Dalili hiyo ni hesi, yaani michirizi inayozunguka bolti. Safisha bolti moja kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Pima unene wake, kisha pima urefu wa hesi 10 kwa pamoja. Tunapima 10 badala ya 1 kwa sababu kosa la rula hugawanyika kwa 10, na hii ni kanuni ifaayo katika kila kazi ya upimaji. Toyota hutumia bolti za unene wa milimita 12 ambazo hesi 10 huwa na urefu wa milimita 15. Nissan hutumia unene ule ule, lakini hesi 10 zina milimita 12.5. Kwa njia hii ekseli mbili za nati 6 ambazo duara lao ni lile lile, moja ya Hilux na nyingine ya Nissan, hupambanuliwa kwa dakika chache. Morris Minor ina bolti za robo tatu za nusu inchi, yaani kama milimita 9.5, nyembamba kiasi kwamba haiwezekani kuichanganya na Corolla yenye bolti za milimita 12.

Jambo jingine la kuangalia ni upande wa kukazia. Malori kadhaa ya zamani yalikuwa na nati za upande wa kushoto zenye hesi za kinyume, ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze. Ukikuta nati inayokazwa kwa kuzungushwa kushoto, umepata dalili mbili kwa pamoja: kwamba ekseli ni ya chombo kizito, na kwamba ncha hiyo ilikuwa upande wa kushoto wa gari. Fundi asiyejua hili huweza kutumia nguvu zake zote kuikaza zaidi nati anayodhani anaifungua, mpaka bolti ikakatika.

Mwisho, soma maandishi. Chuma cha kusubu mara nyingi hubeba namba na majina. Namba za vipuli vya Ford ya Uingereza zilianza kwa alama ya modeli. Mathalani 105E ni Anglia iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1959. Katika namba za Volkswagen, tarakimu 211 mwanzoni huashiria basi dogo. Lakini tuwe na hadhari na majina kama Girling au Lockheed. Hao ni watengenezaji wa breki waliouza bidhaa zao kwa viwanda vingi, na jina lao halithibitishi gari lolote.

Mfano mmoja hatua kwa hatua

Tuseme umepewa mkokoteni wenye ekseli ya tumbo. Nati ni 5. Umbali wa jirani kwa jirani ni milimita 97. Zidisha kwa 1.7, upate karibu 165. Mpaka hapa unajua kuwa ni ukoo wa Land Rover; lakini ukoo huo una watu wengi, maana Range Rover ya kwanza ya mwaka 1970 na Discovery ya mwaka 1989 nazo zina duara hilo hilo.

Tazama sasa mahali springi zilipokaa. Ukikuta vikalio bapa vya springi za vyuma vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, hiyo ni Land Rover ya mtindo wa zamani, iliyoanza mwaka 1948 na kuendelea kupitia Series I, II na III hadi mwaka 1985. Ukikuta vikalio vya duara vya springi za kuzunguka, ni Range Rover, Discovery, au Land Rover mpya ya kuanzia mwaka 1983.

Kisha pima upana kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya tairi la pili. Series I ilikuwa na inchi 50, yaani mita 1.27. Series II na III zilikuwa na inchi 51 na nusu, kama mita 1.31. Land Rover mpya za springi za kuzunguka zina inchi 58 na nusu, kama mita 1.49. Kipimo hiki kinafaa tu ikiwa rimu ni zake za asili na bomba halikukatwa. Kwa hiyo tafuta kwanza makovu ya kuchomelea.

Mwisho tazama tumbo lenyewe. Katika Land Rover halikai katikati kabisa, bali limesogea upande wa kulia wa gari. Likiwa laini kwa nyuma kama kibuyu, ni ekseli ya kawaida ya Rover. Likiwa kubwa, zito, na lina kifuniko cha nyuma kilichokazwa kwa bolti, ni ile iitwayo Salisbury, iliyowekwa katika Series III ndefu. Kwa hatua nne, bila kulifungua tumbo, tumetoka katika magari yote ya dunia tukafika katika modeli moja au mbili.

Chuma cha mseto

Inafaa kutahadharisha kwamba mkokoteni si gari lililofika mzima kutoka kiwandani. Mafundi wa Gerezani na kwingineko huunganisha kwa ustadi kile walicho nacho. Huenda habu ikawa ya Datsun, rimu ya Toyota iliyotobolewa upya, na bomba likawa la maji. Upande wa kushoto waweza kuwa na ukoo mmoja na wa kulia mwingine. Kwa hiyo mpimaji asitoe hukumu juu ya kitu kizima kwa dalili ya kipande kimoja. Apime pande zote mbili, aandike kila kipande peke yake, na aseme jina la gari pale tu dalili mbili au zaidi zinazojitegemea zinapokubaliana. Zikipingana, jibu sahihi ni kwamba vipande viwili vimetoka katika magari mawili.

Kwa ajili ya matengenezo, shahidi mkuu kuliko wote ni namba iliyochorwa katika beringi yenyewe. Beringi ya gololi yenye namba 6206 ina tundu la milimita 30: chukua tarakimu mbili za mwisho na uzidishe kwa 5. Kanuni hii hufaa kuanzia 04 kwenda juu. Beringi za roli zenye umbo la pia, zile za metriki, hufuata kanuni hiyo hiyo. 30206 nayo ina milimita 30. Zile za inchi, kama LM11949 tuliyoitaja, hazifuati kanuni hii, na namba yake yote sharti inakiliwe. Mwenye mkokoteni akiinakili namba hiyo siku beringi ingali nzima, akaiandika kwa rangi chini ya ubao, hatapata taabu dukani siku itakapovunjika.

Ekseli ibebe nini

Tukishajua jina, twaweza kuuliza nguvu. Gari hugawa uzito wake katika ekseli mbili. Mkokoteni huuweka karibu wote juu ya moja. Morris Minor tupu haikufika kilo 800, na hizo ziligawanywa mbele na nyuma. Pakia mifuko 10 ya saruji ya kilo 50 juu ya mkokoteni wenye uzito wa kilo 100, na ekseli ile moja imebeba kilo 600. Land Rover ndefu iliyosheheni ilizidi tani 2 na nusu, na kwa ekseli yake mzigo huo wa saruji ni mwepesi. Kwa macho ya mpita njia mikokoteni hii miwili ni sawa. Kwa macho ya mhandisi ni vitu viwili mbalimbali.

Ni kweli kwamba mkokoteni huenda mwendo wa mtu, na mwendo mdogo huisaidia beringi. Lakini kuna kanuni kali: katika beringi ya gololi, mzigo ukiongezwa maradufu, idadi ya mizunguko inayotegemewa kabla ya kuharibika hushuka hadi sehemu moja ya nane. Tena, mashimo ya barabara hupiga ekseli kwa nguvu kubwa kuliko uzito uliotulia.

Mtu naye ana hesabu yake. Katika lami nzuri, kuvuta kilo 600 juu ya tairi zenye upepo kwahitaji nguvu kama ya kuinua kilo 12. Katika mchanga nguvu hiyo hupanda ikakaribia kilo 100 au kuzidi. Katika mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 20, huongezeka kilo 30. Katika mteremko wa kiasi hicho hicho, mkokoteni ndio unaomsukuma mtu kwa nguvu ya kilo 18, naye hana breki ila visigino vyake. Kama ekseli ni ya familia ambayo shafti hubeba uzito, na shafti imechakaa, hapo ndipo pa hatari. Mwenye mkokoteni wa namna hiyo apunguze mzigo, na akague ncha za shafti kila anapotia grisi.

Kumbukumbu iliyo chini ya ubao

Liko jambo la mwisho. Ekseli hizi ni kumbukumbu ya usafiri wa nchi yetu. Katika chuma chake imo enzi ya inchi za Kiingereza, enzi ya Volkswagen na Peugeot, kisha wimbi la magari ya Kijapani, mapya kwanza na yaliyotumika baadaye. Magari yenyewe mengi yamekwisha kuyeyushwa, na biashara ya chuma chakavu inazidi kuzichukua ekseli nazo. Kinachoyeyushwa bila kuandikwa hakirudi.

Kazi ya kuziandika haimhitaji profesa. Wanafunzi wa sekondari au wa vyuo vya ufundi, wakiwa wawili wawili, wanaweza kuifanya kwa idhini ya wenye mikokoteni: familia ya ekseli, idadi ya nati, duara lake, unene wa bolti, urefu wa hesi 10, maandishi katika chuma, na namba za beringi zinapoonekana. Karatasi moja kwa kila mkokoteni yatosha. Nakala moja ibaki shuleni, na nyingine apewe mwenye chombo, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kuihitaji. Katika zoezi hilo mwanafunzi atajifunza kupima, kukadiria kosa la kipimo, na kutotoa jibu kubwa kuliko ushahidi wake. Na msukuma mkokoteni atajua, kabla ya kupakia, ni chuma cha namna gani anachokitegemea.